Hamu ya Maisha Bora na Biashara za Nyegezi

Mtu atokaye katikati ya jiji la Mwanza kwa barabara ya kusini, akazipita Igogo, Mkuyuni na Butimba, hufika Nyegezi, mahali ambapo ziwa, njia kuu na elimu vimesogeleana kwa ukaribu usio wa kawaida. Upande wa maji ipo mialo ya wavuvi na chuo cha uvuvi. Upande wa barabara ipo stendi ya mabasi yaendayo Shinyanga, Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Na mbele kidogo, Malimbe, kimesimama Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho asili yake ni taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoasisiwa mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous, kikapata daraja ya chuo kikuu mwaka 1998. Katika eneo la namna hiyo ni muhali kuikuta nyumba ambayo haina mtu mmoja anayeuza kitu, awe ni mama wa dagaa, kijana wa bodaboda, mpangishaji wa vyumba, au mwanafunzi anayeuza nguo za mitumba bwenini ili apate nauli ya likizo. Na ukimwuliza kila mmoja wao kwa nini anafanya hivyo, jibu lake halitatofautiana sana na la mwenzake, kwamba anataka maisha yawe afadhali kuliko yalivyo.

Aghalabu wale wanaoalikwa kuwahutubia vijana juu ya ujasiriamali hulichukua jibu hilo wakalifanya kanuni, wakasema kwamba mwenye hamu kubwa ya kuyabadili maisha yake ndiye atakayefanikiwa, na kwamba aliyebaki nyuma amebaki kwa kuwa hamu yake ilikuwa hafifu. Kauli hii ina sehemu ya kweli na ina sehemu ya dhuluma. Kweli yake ni kwamba mtu aliyeridhika kabisa na hali yake hana sababu ya kujitia katika mashaka ya biashara. Dhuluma yake ni kwamba humhukumu maskini mara mbili, kwanza kwa umaskini wake, kisha kwa kudaiwa kuwa ameupenda. Mwenye kukaa stendi ya Nyegezi usiku, tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri saa zote mwaka 2023, akawaona wauza mayai ya kuchemsha, karanga na maji ya chupa wakiyakimbilia madirisha ya basi wakati wengine wamelala fofofo, hawezi kusema kwa dhamiri safi kwamba kinachopungua pale ni hamu. Hamu iko kwa wote. Kinachotofautiana, nacho ndicho ninachotaka kukichunguza, ni lile ambalo hamu hulifanya siku faida ya kwanza inapoingia mkononi, na kadiri ambavyo watu wengine, kuanzia jamaa wa nyumbani hadi mwenye mizani na mwenye mamlaka, humwachia mtu nafasi ya kulifanya.

Tulichukue ziwa kwanza, kwa kuwa ndilo mwalimu mkali kuliko wote. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, zamani zikiwa karabai za mafuta ya taa na siku hizi aghalabu taa za betri na za umeme wa jua. Na mwezi unapokuwa mpevu, nuru ya taa hushindwa na nuru ya mbingu, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi huvutwa pwani kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mapato ya mwenye kununua dagaa mwaloni hayaji kama mshahara, wala hayaji kila asubuhi kama ya muuza mandazi, bali huja kwa mafungu yanayofuata mwendo wa mwezi: siku za giza fedha nyingi hupita mkononi, siku za mbalamwezi hazipiti, na nyumba inataka kula siku zote sawasawa. Tumfikirie mama mmoja wa kawaida katika kazi hiyo, ambaye hununua kwa ndoo alfajiri mitumbwi inapofika, akawaanika dagaa wake juani, akawatia katika magunia na kuwapeleka soko la Mwaloni, Kirumba, ambako wanunuzi wa mikoa mingine na wa Kongo, Rwanda na Burundi huwachukua, sehemu kwa chakula cha watu na sehemu kwa chakula cha kuku. Mwisho wa giza ana noti mkononi. Hamu yake ya maisha bora, ile ile iliyomtoa kitandani usiku wa manane, sasa inamtaka mambo mawili kwa noti zizo hizo: inamtaka alipe ada na kununua bati, kwa maana maisha bora ndiyo hayo, na inamtaka aiweke fedha ya ndoo za giza lijalo, kwa maana bila ya hizo hakuna ada wala bati mwakani. Wanaohubiri juu ya hamu hudhani kwamba vita vya mfanyabiashara mdogo ni baina ya bidii na uvivu; mama huyu hajui uvivu ni kitu gani, na vita vyake ni vya hamu moja inayopigana na nafsi yake.

Anayedumu katika kazi hiyo, kwa kadiri nionavyo, si lazima awe ndiye aliyetamani zaidi. Mara nyingi ni yule aliyekuwa na mahali pa kuiweka fedha ambapo hata yeye mwenyewe hawezi kuichukua kwa wepesi. Ndiyo sababu upatu na vikoba vimeenea katika mwambao huu kuliko matawi ya benki. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo zake ziko kwa watu watatu, na mwanachama anayetaka kulivunja azimio lake la jana hana budi kuwakabili wenzake leo akawaeleza. Watu wenye elimu ya vitabu huliona sanduku hilo kama benki ya watu wasio na benki, na hawajakosea, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kumlinda mtu na haja zake mwenyewe, na kumpa udhuru wa heshima mbele ya jamaa. Shangazi anapopiga simu kuomba, mama wa dagaa hawezi kumwambia kwamba hana fedha ilhali magunia yake yameonekana; aweza kumwambia kwamba fedha iko kwenye kikoba na haitoki mpaka mwisho wa mwaka, na shangazi ataelewa kwa kuwa naye ana cha kwake. Wala nisieleweke vibaya, nikadhaniwa kuwa ninawalaumu jamaa. Ziwa hili liliizamisha MV Bukoba karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, likaondoka na mamia ya roho, na kila mwaka huchukua watu wa mitumbwi ambao hawaandikwi magazetini. Anayempoteza mume au mtumbwi usiku mmoja hana bima isipokuwa huyo shangazi. Mtu anayewakata jamaa zake ili mtaji wake ukue ameuza bima yake kwa bei ndogo.

Liko jambo jingine dogo la mwaloni ambalo mimi hulitazama kuliko hotuba. Dagaa aliyeanikwa mchangani hubeba mchanga, na mvua ikimkuta huharibika akashuka hadhi hata akawa chakula cha kuku. Aliyeanikwa juu ya chanja ya miti na wavu hukauka safi na hupata bei njema. Kila mtu pale analijua hilo, kwa hiyo si suala la elimu, na kila mtu anaitaka bei njema, kwa hiyo si suala la hamu. Ni suala la nani, katika mwisho wa giza lipi, atakuwa na fedha ya miti na wavu ambayo haikudaiwa na kitu kingine, na ana kiwanja cha pwani ambacho ana yakini kwamba hatahamishwa kabla chanja haijalipa gharama yake. Sisemi kwamba aliyenunua kochi kabla ya chanja amefanya haramu. Kochi ni furaha ya leo ambayo hakuna afisa anayeweza kuivunja kesho, na chanja ya pwani yaweza kuvunjwa.

Wanazuoni wa nchi za nje wameshughulika na swali hili kwa njia zao. Mmarekani David McClelland, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba maendeleo ya mataifa hutegemea kiasi cha haja ya kufanikisha mambo iliyomo katika vifua vya watu wake, na baadaye akaenda Kakinada, Uhindi, kuwafundisha wafanyabiashara haja hiyo kama watu wanavyofundishwa kuhesabu. Dai lake la jumla lilikuwa pana mno, kwa kuwa lilielekea kuwaambia watu waliotawaliwa na kunyang'anywa kwamba kasoro imo ndani yao. Lakini ndani ya dai hilo mlikuwa na jambo la kweli ambalo wafuasi wake wengi wamelisahau, nalo ni kwamba mtu aliyemkusudia hakuwa mwenye uchu wa fedha. Alimkusudia mtu apendaye kuifanya kazi vizuri kuliko alivyoifanya jana, anayechagua jaribio lililo gumu kwa kiasi, si rahisi la kuchosha wala si la bahati nasibu. Katika mialo yetu mtu huyo yupo, na watu humjua: ndiye ambaye gunia lake halichunguzwi chini, kwa kuwa dagaa wa chini ni sawa na wa juu.

Miaka ya karibuni lilifanyika jaribio Lomé, mji mkuu wa Togo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu: wengine walifundishwa mafunzo ya kawaida ya biashara, yaani hesabu, masoko na utunzaji wa daftari; wengine walifundishwa tabia ya kujituma, ya kutafuta jambo jipya kabla ya kulazimishwa na ya kuyakabili mashaka kwa mpango; na wengine hawakufundishwa kitu. Baada ya miaka miwili faida za waliofundishwa kujituma zilikuwa zimezidi kwa asilimia 30 hivi, na za waliofundishwa daftari zilizidi kwa asilimia 11, kiasi ambacho kwa kanuni za takwimu hakikuweza kutenganishwa na bahati. Habari hii yaweza kuwafurahisha wahutubu wa semina, lakini waisome vizuri. Walichofundishwa watu wa Lomé hakikuwa kutamani zaidi. Walifundishwa kuyageuza matamanio yao yawe matendo yenye mpangilio, na wote walikuwa tayari na biashara, soko na mji wa kuuzia. Fundisho hilo halikujaribiwa juu ya mtu ambaye mizani yake imechezewa.

Na hapa ndipo kanda ya ziwa ina ushahidi wake mwenyewe, ambao kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko wa Lomé. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakiwauzia wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambulia, wengi wao wakiwa Wahindi, na kilio cha mkulima hakikuwa cha bei tu, bali kilikuwa cha mizani: pamba iliyoondoka nyumbani ikiwa nzito ilifika kwa mnunuzi ikawa nyepesi, na mkulima asiyejua kusoma namba hakuwa na hoja ya kujitetea. Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu upande wa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mchungaji wa Kisabato, aliyekuwa karani katika mgodi wa Mwadui kabla ya kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza mwaka 1947, aliishika hoja hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaongoza chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, ambamo wakulima waliipima pamba yao kwa watu wao wenyewe kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi vijijini, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kufikia wakati wa uhuru lilikuwa limekamata ununuzi wa pamba katika kanda hii, likamiliki viwanda vya kuchambulia, na kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha.

Mtu atafakari jambo moja katika kisa hicho. Hamu ya mkulima wa Usukuma mwaka 1945 na hamu yake mwaka 1955 ilikuwa ni ile ile. Alikuwa akitaka ng'ombe, bati, baiskeli, na mtoto shuleni. Lililobadilika ni kwamba ratili yake ilikuwa ratili, na madhali ratili ilikuwa ratili, jasho la ziada lilikuwa na maana, na watu wakapanua mashamba. Ibn Khaldun, aliyeiandika Muqaddima yake mwaka 1377, alikwisha kulieleza jambo hili kwa ufasaha wa qadhi: alisema kwa maana yake kwamba watu wanapoona mali yao ikichukuliwa bila ya haki, matumaini yao ya kuichuma hukatika, mikono yao hulegea, na mji ukaharibika. Yeye hakuanza na hamu. Alianza na uadilifu, na hamu akaiona kuwa ni kitu kinachoweza kuuawa na watawala. Nadhani alikuwa karibu na ukweli wa Nyegezi kuliko wengi walioandika baada yake.

Ila hadithi ya ushirika haikukomea kwenye ushindi, na kuikatiza hapo kungekuwa ni ghururi. Baada ya uhuru serikali ilihimiza vyama viongezeke kwa haraka iliyozidi watu wenye maarifa ya kuviendesha. Makarani wa vyama, ambao nao walikuwa na hamu ya maisha bora na watoto wa kusomesha, wakaanza kuichezea mizani ile ile iliyowekwa ili kuikomesha michezo. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuuchunguza ushirika nchini, na kasoro zilizoonekana zilikuwa za wizi, upendeleo na mzigo wa gharama ambao mwishowe uliangukia kwenye bei ya mkulima. Muda si mrefu serikali ikauweka ushirika huo wa pamba wa kanda ya ziwa chini ya usimamizi wake, mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa, na ilibidi itungwe sheria mpya ya mwaka 1982 ili virudi. Karani aliyeiba hakuwa na hamu ndogo kuliko mkulima aliyeibiwa. Pengine alikuwa na kubwa zaidi. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba hamu ni injini ya biashara, tujue kwamba haichagui njia yenyewe. Huchukua njia iliyo fupi miongoni mwa zile ambazo hazina mlinzi.

Kisa cha sangara chathibitisha jambo hilo kwa upande wa maji. Samaki huyu aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, akiwa amewameza furu ambao mamia ya aina zao hazikuwako popote duniani isipokuwa hapa. Viwanda vya minofu vikasimama Mwanza katika miaka ya 1990, ndege zikaichukua minofu hadi Ulaya, vichwa na mifupa, yaani mapanki, vikawa biashara ya akina mama wa kukaanga, na kijana aliyekuwa na nyavu aliweza kujenga nyumba kwa misimu michache. Hakuna wakati ambao hamu ya watu wa mwambao huu ilizawadiwa upesi namna hiyo, na hakuna wakati ambao ilijidhuru upesi namna hiyo: baadhi ya watu walifikia kuvua kwa sumu, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukalifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili, wenye hatia na wasio na hatia wakaumia pamoja. Kanuni inasema kwamba sangara wa chini ya sentimeta 50 asivuliwe. Kila mvuvi anajua faida ya kumwacha akue, lakini anajua pia kwamba samaki atakayemwacha leo atachukuliwa kesho na mwenziwe wa kokoro, na hivyo subira ya mtu mmoja huwa sadaka kwa asiye na subira. Vikundi vya kulinda rasilimali za mwambao vilianzishwa kwa ajili hiyo hasa, na pale vinapofanya kazi ndipo mvuvi anapoweza kungoja bila ya kuonekana mjinga. Vizimba vya kufugia sato, ambavyo Rais Samia Suluhu Hassan aliwakabidhi wafugaji Mwanza pamoja na boti za wavuvi mwanzoni mwa mwaka 2024 kwa mikopo isiyo na riba, vina fadhila hii ambayo haisemwi sana: samaki aliyemo kizimbani ana mwenyewe, na mwenyewe ana sababu ya kungoja.

Tukiwa tumetaja mikopo, tuseme neno juu yake, kwa kuwa watu wengi huamini kwamba kinachomkosa mwenye hamu ni mtaji tu. Halmashauri zetu zimewekewa sharti la kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila ya riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za utoaji na urejeshaji, ikarudishwa mwaka 2024. Katika pengo hilo, na kabla yake, na baada yake, waliojaa mitaani ni wakopeshaji ambao wananchi wamewapa lakabu ya kausha damu, wengine wakiwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na wengine hawana. Mengi yamesemwa juu ya riba zao, nami sina la kuongeza. Nitasema juu ya ratiba. Marejesho yao ni ya kila wiki, na dagaa, kama tulivyoona, hawajui wiki. Mama aliyekopa mwanzo wa giza hulipa vizuri wiki ya kwanza na ya pili, kisha mwezi unapevuka, mitumbwi inakaa nchi kavu, na marejesho ya wiki ya tatu hutoka katika mtaji wenyewe, au hutoka kwa mkopeshaji wa pili. Na akishafika hapo, hamu yake yote, ambayo ilikuwa ya kupanda, hugeuka ikawa ya kutoaibishwa mbele ya majirani. Huo ni ushupavu wa hali ya juu unaotumika kubaki pale pale.

Upande wa Malimbe hali ni nyingine, na yapasa kuitaja japo kwa kifupi. Huko hamu ya maisha bora imechukua sura ya vyumba vya kupangisha wanafunzi, vinavyojengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, na chumba cha kwanza kikipata mpangaji ndicho hulipia bati la cha pili. Ni biashara inayomfaa mtu asiyejiamini na fedha, kwa kuwa tofali likishajengewa haliombwi na jamaa. Hatari yake ni kwamba imemtegemea mteja mmoja. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona hadi tarehe 1 Juni, mwenye vyumba, mama lishe, mwenye mashine ya kudurufu na kinyozi walikosa mapato kwa pamoja.

Sasa liko suala ambalo waandishi wa biashara hulikwepa, labda kwa kuwa linaharibu hesabu zao. Mama wa dagaa wa Nyegezi hafanyi kazi hiyo ili binti yake awe mama wa dagaa. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata pamoja na mwenzao Nishani ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, waliandika kwamba maskini wengi ni wafanyabiashara kwa kukosa ajira, na kwamba matumaini yao makubwa kwa watoto ni kazi ya mshahara, hasa ya serikali. Kwa mwambao wetu hilo ni kweli tupu. Hamu iliyoijenga biashara ndiyo inayoikosesha mrithi: faida hupelekwa katika ada, mtoto husoma hadi chuo kikuu ambacho paa zake huonekana kutoka mwaloni, na akihitimu hana nia ya kushika ndoo; mama akizeeka, mtandao wake wa wateja wa Kongo, ujuzi wake wa kumtambua dagaa mwenye unyevu kwa kumfinya, na jina lake jema sokoni, vyote huisha naye. Je, biashara hiyo imefaulu au imeshindwa? Mtaalamu wa kampuni atasema imeshindwa, maana haikukua wala haikudumu. Mimi nasema imefaulu, kwa kuwa ilitimiza ile haja iliyoizaa, na kwamba kosa ni la anayedhani kuwa biashara ina haja nyingine nje ya maisha ya watu. Hata hivyo ni hasara kwa mji kwamba kila kizazi cha wafanyabiashara wake Waafrika huanza upya tangu sifuri, na pengine wahitimu wasiopata mshahara, ambao sasa ni wengi, watalazimika kurudi mwaloni na shahada zao wakaichukua kazi ya mama kabla hajaiacha.

Wala tusisahau kwamba hata hamu iliyo kamili, yenye subira na yenye mizani ya haki, yaweza kupitwa na barabara. Kusini ya Nyegezi, Kigongo, wachuuzi waliishi miaka mingi kwa foleni ya kivuko cha kwenda Busisi: abiria aliyengoja saa mbili alinunua mahindi, soda na samaki wa kukaanga. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J. P. Magufuli, la urefu wa kilomita 3 hivi, na gari sasa huvuka kwa dakika chache bila ya kusimama. Daraja ni neema kubwa kwa kanda nzima, na wachuuzi wale hawakupoteza hamu yao hata chembe, walipoteza foleni. Yule atakayesimama mbele yao kuwaambia kwamba walikosa ari ya kujiendeleza, na aone haya.

Kwa hiyo ninayo haja kwa madiwani wa jiji na kwa maafisa wao wa maendeleo ya jamii. Kabla ya kuandaa semina nyingine ya kuwaamsha watu ambao wameamka tangu usiku wa manane, wekeni mwaloni mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ili ndoo iache kuwa kubwa kwa mnunuzi na ndogo kwa muuzaji. Jengeni chanja zenye paa, na mwenye chanja apewe hati ya mahali pake. Na mama wa dagaa anapokopa katika ile asilimia 10, marejesho yake yapangwe mwisho wa giza.